Nani Alimchelewesha Fundi?

Afisa wa uhamiaji alipoingia karakanani kwetu, fundi alikuwa amejitosa ndani ya kochi akifunga springi, na kilichoonekana ni miguu tu. Mwanangu, ambaye karakana ni yake, akaapa kwamba hapa hajawahi kuajiri mgeni yeyote.

"Na hiyo miguu ni ya nani?" afisa akauliza.

"Ya kochi," akajibu.

Namjua mwanangu tangu akiwa tumboni. Uongo haumkai, hilo kalirithi kwa marehemu baba yake. Nikaona heri niingie kati.

"Afisa, binti wa watu, karibu uketi. Miguu ni ya fundi wetu, na fundi wetu kibali hana. Umekuja kwa ajili yake, tusichoshane."

Mwanangu akanitazama kama niliyemmwagia maji ya moto. Lakini huyo binti alikuja na jina la fundi mfukoni, sasa ungemficha wapi? Sare yake ilipigwa pasi hadi mikunjo ingekata mkate. Nikamkalisha kwenye kochi kubwa la mteja, lile lenye sponji nene kupita yote. Kochi lile ukilikalia huliachi upesi. Nililichagua kwa makusudi.

Afisa akaeleza. Fundi aliingia nchini kihalali, na kibali cha wiki moja, kuleta kitanda cha mteja wetu. Wiki ile sasa inaingia mwaka wa nane.

"Kwa kawaida leo jioni angepanda gari la mpakani," akasema. "Ila mtu aliyekaa miaka mingi, akifahamika na akiwa na watu, naweza kumpeleka mbele ya kamati ya ukaazi. Barua za sifa sizitaki, hizo watu wananunua. Nataka nisikie mwenyewe. Ana watu gani hapa?"

Fundi akatoka ndani ya kochi, vipande vya sponji vimemjaa kichwani, akasimama. Binti yangu, anayeshona vitambaa vya makochi, akaondoa mguu kwenye cherehani. Mwezi ujao fundi alikuwa amwoe. Sikumtazama usoni, maana ningelia, na mimi nikilia huwa sina akili tena.

Sasa, majirani zangu nawajua. Waombe wamsifie mtu, watasimama kama walioalikwa kwenye mazishi ya mtu wasiyemjua. Lakini waulize kosa ni la nani! Nikatoka mlangoni nikapaaza sauti: "Jamani, njooni! Afisa anatafuta aliyesababisha fundi azidishe muda!"

Kinyozi wa jirani ndiye aliyefika wa kwanza, mkasi mkononi, huku mteja wake akimfuata na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Nyuma yao akaja Mama Mwenye Nyumba, anayempangisha fundi chumba ghorofani. Ngazi humsumbua, lakini siku hiyo alishuka kama msichana.

"Siku zote nasema!" Kinyozi akaanza. "Wageni wanajaa, na wa kulaumiwa ni wenye karakana kama huyu. Anamlipa fundi kiduchu, wenyeji tunakosa kazi!"

"Wewe ulikosa kazi ipi ya makochi?" mwanangu akamrukia. "Hata mto hujui upande wake wa mbele! Lawama ni ya serikali. Mpaka ni wao wanaulinda, si mimi."

"Mpakani alipita vizuri," afisa akasema. "Wiki yake iliishia mlangoni kwako."

Mwanangu akajikuna kisogo. Nikaona moto unataka kuzima, nikauchochea. "Wiki ilipoisha alikuwa ameshafunga begi. Sijui nani alimzuia."

"Mama Mwenye Nyumba!" mwanangu akasema. "Mtu yuko na begi begani, akamwita eti mlango wa kabati umeng'oka!"

"Mlango wa kabati ni kazi ya asubuhi moja!" Mama Mwenye Nyumba akang'aka. "Aliyemganda ni Kinyozi. Kile kiti chake kilikuwa kinafinya wateja kama mtego wa panya. Alimweka mwezi mzima!"

"Kiti tu hicho!" Kinyozi akadakia. "Na wewe ulipoteguka nyonga, nani alikupandishia maji? Mpaka leo anakupandishia! Unamwita mwanangu, mwanangu. Mtu akishaitwa hivyo ataondoka vipi?"

"Acha nikwambie basi, Kinyozi. Baba yako alipougua, wewe uliogopa hata kumshika. Fundi alikuja kumtengenezea godoro asipate vidonda, akabaki anamgeuza asubuhi na jioni mpaka mzee wa watu akafumba macho. Tiketi alikuwa nayo, akairudisha. Kwa hiyo kosa lako!"

Kinyozi akateremsha mkasi. Mtu yule kumnyamazisha si mchezo.

"Ni kweli," akasema polepole. Halafu sauti ikamrudi. "Lakini mimi ndiye niliyemwambia mzee ayapende maongezi yake? Alikuwa hataki kula mpaka fundi aje!"

"Jamani, na kichwa changu?" mteja akauliza.

"Subiri kidogo!" wakamjibu wote.

"Basi na mimi nitazidisha muda hapa," akasema. "Naona ndivyo mnavyomshika mtu."

Afisa akajifanya anakohoa. Nikamwona.

Mara cherehani ikasogezwa. Binti yangu akasimama. "Waache hao. Kosa ni langu. Mwaka wa tatu aliaga kabisa, akasema anamalizia kochi moja tu aende. Nikamwambia kitambaa cha bluu hakijaletwa." Akakitazama kiti chake. "Kilikuwa kimeletwa. Nilikuwa nimekikalia."

"Siku ngapi?" nikamuuliza, maana hilo hata mimi lilinipita.

"Mpaka alipoacha kuuliza, mama."

Mama Mwenye Nyumba alicheka hadi akatafuta pa kujishikilia. Afisa hakucheka. Akamgeukia fundi. "Wote wameshajishtaki na kushtakiana. Wewe unasema kosa la nani?"

Fundi alikuwa hajafungua mdomo tangu atoke ndani ya kochi. Akapangusa mikono.

"Langu," akasema. "Ule mlango wa kabati niliumaliza siku ile ile. Nikamwambia mama mwenye nyumba tungoje gundi ikauke."

"Gundi hukauka baada ya muda gani?"

"Chai haijapoa, imeshakauka." Akainamisha kichwa. "Nilipapenda hapa, afisa. Kwetu napapenda pia, ila hapa walikuwa wananiita kila saa. Kitambaa cha bluu nacho nilikiona siku ya kwanza. Kipande kilikuwa kinachungulia chini yake."

Binti yangu akamrushia mto. Haukumpata, ukampata kaka yake.

Hapo ndipo afisa alipocheka, akacheka mpaka ile sare ikapata mikunjo mingine. Alipotaka kuinuka, kochi likakataa. Akajaribu tena. Ikabidi fundi huyo huyo ampe mkono na kumvuta.

"Nitampeleka kamatini," akasema akijipangusa, "na nitawaeleza nilichosikia. Uamuzi ni wao. Kwa sasa abaki. Lakini nahitaji mtu wa kumsimamia. Akikosea chochote, nitakuja kumgongea mlango huyo mtu. Na wewe mwenye karakana, kuanzia leo unamlipa sawa na wenzake. Kinyozi hilo kalisema kweli."

Kila mtu akaangalia viatu vyake. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nijitolee mwenyewe, Kinyozi akasema, "Mimi."

"Wewe?" Mama Mwenye Nyumba akamaka. "Analala kwangu, asimamiwe na wewe?"

"Alimfumba macho baba yangu!"

"Na maji yangu je?"

"Mimi ndiye mwajiri," mwanangu akasema.

"Wewe kalipe kwanza!" nikamwambia.

Afisa akawaacha wakivutana, akachukua majina yote.

Kamatini tulikwenda wote, na Kinyozi alifunga duka. Mwenyekiti alituomba tulaumiane mmoja mmoja, maana kwa pamoja hakuwa anasikia kitu. Tukalaumiana vizuri sana, kwa adabu. Kabla ya mwezi kuisha, fundi alipata ukaazi.

Harusi tuliifanyia karakanani, wageni wakakaa kwenye makochi ya wateja, na wengi hawakuweza kuinuka. Kinyozi ndiye aliyemsindikiza bwana harusi ndani, amemshika mkono kama mzazi. Nikamwona anapangusa macho. Nilipomuuliza kulikoni, akasema ni nywele za wateja zimemwingia, na duka lilikuwa limefungwa tangu jana yake.