Mashimo Niliyoyafukia

Yowe lilitoka ndani ya ukungu. Nilitambua tu kwamba ni la mwanamke, maana ukungu wa kijiji cha Ukata asubuhi hauonyeshi hata ncha ya jembe lako. Nikasimama kifua mbele nikisubiri pongezi.

Akatokea Mama Otilia, mwalimu mkuu, mikono kichwani.

"Cuthbert! Mashimo yako wapi?"

"Nimeyafukia, mama. Yote! Siku tatu tu."

Mahakama ya Mwanzo ilinitia hatiani kwa kumchapa mtu usoni sokoni Mbinga. Nilimchapa kwa mbasa mbichi, samaki wa kilo mbili, kwa sababu alisema samaki wa kwetu Ngumbo wananuka. Sijuti. Hakimu akaniuliza kama niko tayari kufanya huduma kwa jamii badala ya kukaa gerezani miezi sita. Nikakubali, nikapangiwa kutengeneza shamba la shule jirani na dada yangu Hilda, aliyeolewa huku mlimani. Nilipofika, mteremko mzima ulikuwa mashimo matupu, kana kwamba umepigwa mabomu. Kwetu ziwani shamba ni tambarare. Nikawahurumia watu hawa, nikasawazisha.

"Yale ni ngolo!" alilia Mama Otilia. "Ndiyo yanayozuia maji yasibebe udongo! Ijumaa Bwana Mansuetus, afisa wa huduma kwa jamii, anakuja kukagua. Akikuta hivi atakurudisha kwa hakimu, na safari hii ni gerezani."

Kifua kilirudi ndani chenyewe. "Nitayachimba upya."

Wanawake waliokuwa wakipita na majembe wakaangua kicheko. Mkubwa wao alikuwa Bibi Beata.

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa hasira.

"Marahaba, mjukuu wangu. Huku mwanamume anafyeka majani na kuyapanga, basi. Shimo anachimba mwanamke. Nikuazime kitenge?"

"Sihitaji kitenge, bibi!"

"Na mtoto mgongoni je?"

Nilichimba. Nilianzia chini kabisa, kando ya kijito, mbali na macho ya watu, lakini Bibi Beata alinifuata kila siku.

"Hilo ni shimo au kiota cha kuku? Ongeza kina!"

Niliongeza, nikinung'unika. Hadi Alhamisi nilikuwa nimemaliza mstari mmoja tu.

Usiku huo mvua ilinyesha. Asubuhi Bwana Mansuetus akafika na viatu vinavyong'aa, fomu mkononi. Akakanyaga sehemu niliyoisawazisha.

"Safi sana," akasema. "Kama uwanja wa mpi—"

Miguu ikamtangulia. Alitelemka kwa makalio, fomu juu kama bendera, akanipita, akampita Bibi Beata aliyemwambia "Karibu, baba," akaelekea kwenye kijito kilichokuwa kikinguruma. Kisha, pu! Akazama kwenye shimo langu. Kikabaki kichwa na fomu.

Mimi nilikuwa tayari naliona lango la gereza.

"Nani kasawazisha kule juu?" kichwa kikauliza.

Ningeweza kusingizia mvua. "Ni mimi, mzee."

"Na shimo hili?"

"Ni mimi pia."

Akageuka taratibu kukitazama kijito, hatua mbili tu kutoka pale.

"Lingekuwa la kina kidogo..." akasema.

"Lingekuwa la kina kidogo tungekuopolea ziwani," Bibi Beata akamalizia.

Bwana Mansuetus akaifuta fomu kwa tai iliyomrukia kichwani, kitu pekee alichobaki nacho kisafi. "Naandika anaendelea na huduma. Yamebaki mangapi?"

"Mia moja na arobaini."

"Utayaweza? Kazi ya wanawake hii."

Nikapanda juu ya tuta, nikapaza sauti hadi wanawake wa mteremko wa pili wakainua vichwa:

"Bwana Mansuetus, nakuahidi mbele ya mama hawa wote! Nitayachimba yote mia moja na arobaini, na kila moja litatosha kukumeza wewe, hakimu na mafaili yenu yote!"