Hufyekwa Mara Moja kwa Mwaka

Shangazi alisikia mashine ya kufyeka kabla hajafika getini mwa hifadhi, akaongeza mwendo. Asubuhi nzima alikuwa amekalishwa kwenye benchi la ofisi ya manispaa kama mgonjwa, akingoja kumwambia mkuu wa usafi kwamba hifadhi ya maua ya mwitu isiguswe kwa wiki tatu. Kumbe mkuu mwenyewe alishatoka kwa mlango wa nyuma, yuko hifadhini, mikono kiunoni, anasimamia ufyekaji.

Nusu ya kiwanja ilikuwa chini. Maua ya buluu yalilala mabichi, nyuki wakiyazunguka kama watu waliorudi wakakuta nyumba imebomolewa. Na aliyeshika usukani ni Kidevu, mtoto wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe.

Mkuu alimweleza kwa upole wa kubembeleza mtoto kwamba Jumamosi kuna wageni, na wageni hawaonyeshwi pori. Kisha akanyoosha kidole kwenye bango la getini, ambalo Shangazi alilipaka kwa mkono wake: HUFYEKWA MARA MOJA KWA MWAKA.

"Nimefuata maandishi yako, mama. Mara moja. Nyasi zitaota."

Hapo Shangazi alishikwa pabaya. Miaka kumi na moja alifyeka kwa sikio: akitikisa shina, mbegu zikalia ndani ya ganda kavu, ndipo anoe fyekeo. Hilo hakuliandika. Alidhani kila mwenye masikio analijua.

"Nyasi zitaota," alisema. "Maua haya huota kwa mbegu tu, na wewe umezikata zikiwa bado maziwa, hazijakomaa. Haya, waonyeshe wageni wako upara."

Mashine ilikuwa inageuka kuelekea nusu iliyobaki. Shangazi akachuma shina moja, akasimama mbele yake.

"Zima, usikie."

Kidevu akazima. Shangazi akamtikisia shina sikioni. Kimya.

"Bado," Kidevu alisema, macho chini. Tangu utotoni alijua. Akateremka, akamtia shangazi yake ufunguo mkononi. Mkuu alipomkumbusha kwamba kazi ni ya ofisi, alijibu kwamba fyekeo liko bandani, bosi ajihudumie.

Jioni Shangazi alirudi na kopo la rangi. Chini ya maneno yake akaongeza: MBEGU ZIKISHALIA. Akatazama, akaona mwenye cheo anaweza kudai hakusikia.

Akachovya brashi tena: MUULIZE SHANGAZI.