Mistari Miwili ya Nyumba ya Mukagatare

Kila asubuhi Uwamariya alianza kazi kwa kufuta. Alifika ofisini kabla ya wenzake, akafungua dirisha linalotazama ziwa, akamimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, kisha akawasha kompyuta. Mistari ilijitokeza mmoja baada ya mwingine: juu, joto la ng'ombe waliovaa kola shingoni, chini, joto la wenye ng'ombe, waliovaa bangili mkononi. Mstari uliokwenda ovyo kompyuta iliupaka rangi nyekundu. Aghalabu ni kola iliyolegea, au ng'ombe aliyejikuna kwenye mti. Uwamariya aliugusa, akaukata, akanywa chai yake. Mradi ulitaka takwimu safi.

Asubuhi hiyo kikombe hakikufika mdomoni.

Wekundu ulikuwa kwenye nyumba ya Mukagatare, kule Nyakiriba. Jana pia kola ya ng'ombe wake ilipanda ghafla, na Uwamariya akaikata, kwa kuwa homa hupanda kama mtu apandaye kilima, hairuki kama mtu arukaye ukuta. Leo mstari ulikuwa bado juu. Na chini yake, bangili ya Mukagatare nayo ilikuwa imeruka ukuta uleule tangu jana jioni.

Chuoni alifundishwa kwamba kifaa kimoja chaweza kusema uongo. Lakini vifaa viwili, kila kimoja na betri yake, kukubaliana uongo katika nyumba moja, hilo ni nadra mno.

Alimpigia simu Derek, mkuu wa mradi, aliyekuwa Kigali.

"Hitilafu," Derek alisema. Alikulia Uganda, na Kiswahili alikisema kwa haraka, kana kwamba alitaka kukimaliza. "Ni kisanduku cha kupokea mawimbi kimekufa. Nenda ubadilishe. Na plizi, usiwaambie kitu kuhusu namba. Tukiwaambia, watabadilisha wanavyoishi, na utafiti umekwisha. Kamati itaziangalia mwisho wa mwezi."

Na kama ni homa kweli? Aliwaza hivyo huku akikisukuma kikombe kando.

"Sawa," alisema Uwamariya.

Alichukua kisanduku kipya na betri zake, akatoka kutafuta pikipiki. Janvier, aliyezoea kumpeleka huko, alikuwa ameegemea yake pembeni mwa barabara.

"We dada, leo tena tunaenda kupima ngombe presha?" alisema akimpa kofia. "Mi mwenyewe niko na presha, hakuna mutu ananivalisha bangili."

Uwamariya alicheka kidogo, kwa adabu. Walipanda kilima wakiliacha ziwa nyuma, wakapita mashamba ya karoti na vitunguu, na njia nzima alikuwa akimwona Mukagatare amelala kitandani, midomo imekauka.

Lakini Mukagatare alikuwa amesimama uani kwake, ana jembe mkononi, mzima kama mlima.

"Mwishowe!" alisema mama huyo. "Munganga iko wapi? Anakuya nyuma?"

"Shikamoo, mama. Daktari gani?"

"Na Kiswahili yako ya Tanzania, kama redio! Munganga, si tuliita? Tuko tunaita tangu jana."

Uwamariya alimtazama mkono. Hakuwa na bangili. Nyuma yake, Bihogo, ng'ombe wake, alikuwa akicheua kwa raha, shingo tupu.

"Mama, kola iko wapi?"

"Kwa Gratien, nani tena? Bihogo hana ugonjwa. Gaju, ngombe yake, njo mugonjwa. Nikamuvalisha. Jana jioni Gratien naye akashikwa na homa, nikatoa bangili, nikamuvalisha. Kuya uone."

Alikwisha geuka, anatangulia. Uwamariya alimfuata, na hatua kwa hatua yote yakamjia.

Ilianza siku ya kura ya kuwapata watakaovaa vifaa. Watu wa kilima walikusanyika, majina yakaokotwa kutoka kwenye kofia: hawa watavaa, hawa hawatavaa. Mukagatare alipata, jirani yake Gratien akakosa. Baadaye Mukagatare alimvuta Uwamariya pembeni akamwuliza: Bihogo akiugua, ama mimi nikiugua, mutajua? Naye Uwamariya, ambaye hakuwahi kuweza kumkatisha mtu mzima tamaa, akajibu: "Tutajua, mama." Neno lenyewe lilikuwa la kweli. Tena wiki chache baadaye daktari wa mradi alikuja kuchukua damu, akamkuta Bihogo anachechemea, akampaka dawa kwa huruma yake tu. Basi. Tangu hapo, kwa Mukagatare, kola ilikuwa kitu kinachomwita daktari.

Na Gratien si jirani tu. Marehemu mume wa Mukagatare ndiye aliyempa Gratien ng'ombe aliyemzaa Gaju, kwa urafiki. Waliopeana ng'ombe hawaulizani kura ilimwangukia nani.

Gaju alikuwa amelala kwa ubavu kwenye majani, ile kola imebana shingoni, pumzi fupi fupi. Kando yake gunia lilifunika kitu kidogo. Uwamariya hakuhitaji kulifunua. Alikumbuka kwamba Gaju alikuwa na mimba.

"Alitupa mimba usiku," Mukagatare alisema kwa sauti ya chini. "Gratien njo alimutoa mutoto, na mikono yake."

Gratien alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, amejifunika blanketi juani, macho mekundu. Alipomwona Uwamariya aliinua mkono wenye bangili.

"Unaona? Nimevaa saa ya muke wa rafiki yangu. Kama ni kufa, nitakufa kijana."

"We nyamaza," Mukagatare alimwambia. "Kufa na nani? Watu ya mradi balishafika."

Uwamariya alisogea pembeni, akampigia daktari wa mifugo wa serikali katika sekta hiyo. Simu ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikalia vilevile. Akampigia Derek, akamweleza yote.

"Huyo Gratien hayumo kwenye utafiti," Derek alisema. Sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa imechoka. "Hatuna dawa, hatuna kibali. Mwambie aende kituo cha afya. Na hizo siku mbili uzitoe zote kwenye takwimu. Pole."

Alifungua mkoba, ingawa alijua yaliyomo. Kisanduku. Betri. Bisibisi. Kitambaa cha kufutia vumbi. Aliufunga tena.

"Baba," alimwambia Gratien, "pikipiki iko hapo njiani. Janvier atakupeleka kituo cha afya sasa hivi."

"Na Gaju?"

"Nitakaa naye mimi."

Gratien alitabasamu, kama atabasamuvyo mtu kwa mtoto aliyesema jambo zuri lisilowezekana. "Mutoto yangu, mi nikienda, munganga atakuya anikose. Atatibu ngombe ya nani? Ataniona wapi? Hapana. Bangili ilishaita. Nitangoja."

"Kituo cha afya si mbali…"

"Bon, haraka ya nini? Wewe umefika, yeye iko nyuma. Mulituambia mutajua. Munajua, ama hamujui?"

Mukagatare naye alikuwa akimtazama, mikono imefungamana, akisubiri jibu jepesi. Chini njiani Janvier alipiga honi mara moja, akaacha. Gaju alivuta pumzi, ikachelewa kurudi, kisha ikarudi.

Uwamariya aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Angesema daktari amechelewa. Angesema atamkuta kituoni. Wangemwamini, kama walivyomwamini siku ya kura. Na kesho wangeivalisha kola ile shingo nyingine, wakae wangoje. Alipiga magoti kwenye mkeka, akamshika Gratien mkono. Ulikuwa wa moto, moto uleule aliouona asubuhi kwa rangi nyekundu. Machozi yakatangulia, na maneno yakafuata nyuma yake.

"Hakuna anayekuja, baba. Kola haimwiti daktari. Bangili haimwiti. Upande wa pili niko mimi peke yangu, na jana mliponiita niliwaona, nikawafuta."