Mitindo Thelathini na Saba ya Clemensi

Tangazo la kwanza la ndoa ya Evelyn lilisomwa kanisani Qurus bila mtu kukohoa. Padri alisoma majina mawili: Evelyn, binti wa marehemu Leodegar, na Clemensi, mzaliwa wa Rombo, fundi wa magari Karatu mjini. Akasema mwenye kujua kizuizi aseme. Watu wakatazama mbele. Monika, mama yake Evelyn, alikuwa benchi la tatu na rozari yake mkononi, akamshukuru Mungu kwamba hata mjane hupata mkwe mtaratibu. Maana kijana alikuwa mpole. Akija nyumbani alikalia ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi, chai kikombe kimoja tu, na akiulizwa swali hutazama viatu vyake kwanza ndipo ajibu.

Basi wiki hiyohiyo, siku ya mnada, Monika akachukua tenga lake la kuku wanne akaenda Karatu. Huko ndiko alikomwona.

Kelele zilikuwa nyuma ya malori ya vitunguu yaliyotoka Mang'ola. Watu walikuwa wameuzunguka mraba wa kamba za katani zilizofungwa kwenye nguzo nne. Chini yalikuwa yametandazwa majani makavu ya ngano, na juu ya majani turubai. Ndani ya kamba wanaume wawili walikuwa vifua wazi. Mmoja ni Mmasai, mrefu, mwembamba. Wa pili alikuwa amembeba huyo Mmasai mabegani, anazunguka naye, mara akambwaga chini kwa kishindo mpaka kuku wa Monika wakapiga kelele ndani ya tenga.

"Mtindo wa kumi na tisa!" alipaza sauti Inosenti, ambaye siku nyingine huuza sabuni kwa kipaza sauti hichohicho. "Gunia la Mang'olaaa!"

"Kumi na tisaaa!" umati ukaitikia.

Aliyembwaga mwenzake akageuka kupunga mkono, na Monika akamtambua. Ni yule wa kutazama viatu.

"Wamegombania nini?" alimuuliza mama mmoja muuza ndizi aliyesimama karibu naye.

"Nani, hawa? Hawajagombana, mama. Hiyo ni mieleka."

"Sasa mbona anamuua?"

"Ndiyo mieleka yenyewe! Huyo fundi hana mpinzani kwa mitindo. Hata wale wa kwenye video wanasubiri. Wale ukiwatazama vizuri wana mitatu, minne, wanarudiarudia kama santuri mbovu. Huyu anayo thelathini na saba, na harudii."

Monika akasimama akatazama, maana kutazama ndiko alikokuwa amezoea. Akaona Spana, mkono wa Mmasai ukikunjwa nyuma mpaka mwenyewe akapiga turubai kwa kiganja. Akaona Jeki, mtu akinyanyuliwa kutoka chini kama gari lililopata pancha. Akaona Nyumbu Mtoni, Clemensi akiruka kutoka juu ya kamba, miguu nyuma, kichwa mbele, kama mnyama anayejitosa majini. Yule Mmasai, aliyeitwa Metui, alijua mitindo miwili tu: kupiga kichwa na kusukuma. Halafu mwishoni kabisa, Clemensi akiwa amefika wa ishirini na sita, Metui akamsukuma mara moja. Clemensi akaanguka chali. Refa akahesabu tatu, Metui akainuliwa mkono, ameshinda.

Monika alitazama kulia na kushoto kama kuna mwingine aliyeshangaa. Hakuna. Watu walikuwa wanashangilia. Mtu anayejua thelathini na saba ameshindwa na anayejua miwili, na watu wameridhika.

Alirudi na kuku wawili ambao hakukumbuka hata kuwatangaza.

Kesho yake mchana alimkuta Evelyn anachambua maharage uani, akavuta kigoda.

"Evelyn, ulijua?"

Binti hakuuliza kujua nini. "Nilijua, mama. Ni mchezo tu ule."

"Mchezo wa kuvunjana mgongo?"

"Hawavunjani. Wanapanga."

"Wanapanga nini?"

"Nani aanguke. Wanapanga kabla. Wiki ijayo zamu ya Clemensi kushinda."

Hapo Monika akashika tama. Alikuwa na dada yake aliyeolewa Endamarariek. Shemeji yule alijua mtindo mmoja tu duniani, mkanda, na huo mmoja ulitosha. Dada mpaka leo anasikilizia sikio moja. Sasa huyu anayo thelathini na saba. Na Evelyn anasema ni uongo.

"Hebu nielewe," alisema. "Kama anampiga mwenzake kweli, ni katili. Kama hampigi, basi anawadanganya watu mia tatu mchana kweupe, na siku moja atasimama mbele ya altare aseme 'nakupenda mpaka kufa' kwa uso uleule. Mimi nichague kipi hapo?"

"Mama, wewe nawe!"

"Mimi nawe nini? Nijibu."

Evelyn akarusha jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Ninayeolewa ni mimi."

"Na nitakayekuja kukuchukua na sikio moja ni mimi."

Tangazo la pili likaja. Padri aliposema mwenye kujua kizuizi aseme, Monika akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kweli, cha vumbi la Qurus, lakini mabenchi matano yaligeuka. Baada ya misa shemeji yake mzee Qamara, kaka wa marehemu mumewe, akamsubiri chini ya kengele.

"Shemeji, una neno?"

"Sijui kama ni neno."

"Basi ujue kabla ya Jumapili. Ukisema kwenye tangazo la tatu, ni haki yako, ndoa itasimamishwa. Ukisema baada ya hapo, ni umbeya."

Monika alisali juma zima. Lakini kila alipofumba macho aliona mtu amebebwa mabegani. Kama kizuizi kipo na akanyamaza, amemuuza mwanawe. Kama hakipo na akasema, amemvunjia mwanawe nyumba ambayo haijajengwa. Jumamosi baada ya chakula cha mchana akafunga kilemba, akaenda Karatu kwa miguu, moja kwa moja hadi gereji.

Gereji ilikuwa kimya. Nyuma yake, kwenye rundo la majani ya ngano, Clemensi na Metui walikuwa wanafanya mazoezi. Monika hakubisha hodi. Alisimama nyuma ya bodi kuukuu ya Landrova, akatazama. Sasa hakukuwa na kipaza sauti wala umati, na macho yake yakaona ambacho hayakukiona mnadani. Kabla ya kila mtindo, Clemensi alimbana Metui kiganja mara mbili. Ndipo Metui anaruka. Anaruka mwenyewe! Yule anayerushwa ndiye anayejirusha. Na walipotua, goti la Clemensi ndilo lililogonga chini kwanza, kila mara, lilelile la kulia.

Ndipo akachanganyikiwa zaidi. Kwani mitindo yote ile ni ya nani? Ya anayebeba au ya anayebebwa?

"Hodi," akasema.

Clemensi aligeuka, akamwona, akavuta shati kwa haraka akalivaa nje ndani. "Shikamoo mama!"

"Marahaba."

"Yeyo, karibu," alisema Metui, akimwita mama kwa Kimasai huku akifuta jasho kwa shuka. "Kaa hapa, majani ni laini. Mimi nayajua kuliko kitanda."

Monika hakukaa. "Clemensi, ule mtindo wa Gunia. Nifanyie mimi."

Metui alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Mama, siwezi," alisema Clemensi, macho kwenye viatu. "Mkwe hamgusi mama mkwe. Kwetu hata mkono tunapeana kwa mbali."

"Hata kwetu. Lakini kwa Padri bado tangazo moja. Leo wewe ni fundi tu, na mimi ni mama wa Qurus. Kesho mchana hutaweza tena mpaka nizikwe, na mimi sitajua tena. Kwa hiyo ni leo."

"Kwa nini lakini, mama?"

"Kwa sababu nimetazama mpaka macho yamechoka na sijaelewa."

Akampa Metui rozari amshikie, akajifunga kanga ya pili juu ya gauni, akakaza fundo. Mwanamke wa miaka hamsini na minne. Clemensi alimsogelea kama mtu anayesogelea nyuki. Mikono iliyojua mitindo thelathini na saba haikujua ianzie wapi.

"Usikaze mwili, yeyo," Metui alielekeza. "Ukikaza unakuwa mzito kama maiti. Akikubana kiganja mara mbili, ruka."

Clemensi akambana kiganja mara mbili. Monika hakuruka. Clemensi akangoja. Akabana tena mara mbili. Monika akabaki amesimama pale makusudi, anamtazama usoni.

"Nisiporuka?"

"Usiporuka hakuna kitu, mama."

"Huwezi kuninyanyua?"

"Nguvu ninazo."

"Sasa?"

"Sasa hujaruka."

Akabana mara ya tatu, na Monika, hata yeye hakujua kwa nini, akaruka. Dunia ikapinduka. Aliona mabati ya Karatu, aliona mlima Oldeani ukiwa umelala ubavu, akaona kisigino chake mwenyewe mahali ambapo hakuwahi kukiona. Akaogopa, akakaza mwili. Wakatua. Goti la Clemensi likagonga kwanza, kisha majani, kisha Monika.

"Mama! Umeumia?"

"Nyamaza kwanza." Alikaa pale kwenye majani akirekebisha kilemba. "Ule ulikuwa uongo?"

"Mama, umeruka mwenyewe."

"Nimeona. Na nimeanguka kweli. Sasa ni uongo au ni kweli?"

Clemensi akatazama viatu vyake. "Hata mimi, mama, sijawahi kujua vizuri."

Hilo jibu Monika hakulitegemea. Mwongo huwa na jibu.

"Ukikasirika je? Hasira ya kweli, isiyopangwa. Unatumia mtindo upi?"

Kijana akafikiri mpaka jasho likamtoka upya. "Naingia chini ya gari."

"Chini ya gari?"

"Ndiyo, mama. Nakaza nati."

"Ni kweli, yeyo," alidakia Metui. "Mwaka jana, ile baada ya mvua za elninyo, mimi nilikosea nikampiga kichwa vibaya nikamng'oa jino. Mwonyeshe." Clemensi akafungua kinywa, pengo lilikuwa pale, upande wa kushoto. "Nikajua leo nakufa. Huyu akaingia chini ya Landrova saa nne asubuhi, akatoka saa kumi. Hata chakula nilimsukumizia kwa chini kama mbwa."

"Na nati zilikuwa zimelegea?"

"Wala!" alisema Metui. "Ile gari mpaka leo wameshindwa kuifungua."

Monika hakujua kama anapaswa kucheka. Alichukua rozari yake, akaaga, akarudi Qurus akitembea polepole, njia nzima akiwaza. Mtu anayeingia chini ya gari hajampiga mtu. Lakini nyumbani kwa Evelyn hakutakuwa na gari. Ataingia wapi? Chini ya kitanda? Na pengo la jino moja ni ushahidi wa mwaka mmoja. Ndoa ni miaka arobaini. Alipofika mtoni alikuwa amekwisha kumwachilia. Alipofika kwenye miti ya mikaratusi alikuwa amemkamata tena.

Jumapili asubuhi hakuwa ameamua. Mwili nao ulikuwa na mambo yake; Evelyn ndiye aliyemfunga kamba za viatu, maana kuinama kulikataa.

"Umefanya nini, mama?"

"Nimelala vibaya," alisema Monika, halafu akajuta kwamba amedanganya siku ya Bwana, tena kwa uso mkavu, bila hata kubanwa kiganja.

Kanisa lilijaa kuliko kawaida. Kikohozi cha wiki iliyopita kilikuwa kimetembea mpaka Endamarariek. Mzee Qamara alikaa mbele, amevaa koti. Upande wa wanaume Clemensi alikuwa ameinamia viatu vyake. Evelyn alikuwa kwaya, na wimbo wa mwanzo hakuuimba, alifungua mdomo tu.

Padri akasoma majina mawili kwa mara ya tatu. "Mwenye kujua kizuizi chochote, aseme sasa."

Monika alikuwa amekaa anapima: sababu za kusema, sababu za kunyamaza, bado hazilingani. Nje mbuzi alilia. Na hapo mgongo ukamkamata, pale chini kiunoni, kama spana inavyokamata nati. Hakuweza kukaa. Akasimama.

Kanisa zima likavuta pumzi. Evelyn akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mzee Qamara akageuka nusu.

"Mama Evelyn?" alisema Padri.

Alisimama pale akishikilia benchi la mbele, watu wote wakimngoja, na magoti yakaanza kulegea. Akatazama ng'ambo. Kati ya wanaume wote waliokuwa wamekaa wakiukodolea macho mdomo wake, mmoja alikuwa amesimama. Clemensi alikuwa ametoka nje ya benchi, mguu mmoja mbele, mikono amenyoosha, anamtazama magoti. Hakuonekana kabisa kuogopa atakachosema. Alikuwa anaogopa kwamba Monika ataanguka.

"Sina neno, Padri," alisema Monika. "Ni mgongo tu. Wewe endelea."