Charlène Ndani ya Shuka

Jumapili moja, misa ilipokwisha, Adélaïde alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa kanisa dogo la Luhwindja, na wanawake wakaziba madirisha kwa blanketi ili giza liingie. Alikuwa ametoka Kasha, pembeni mwa Bukavu, nyuma ya pikipiki, amepakata projekta kama mtoto mchanga. Filamu yake ilikuwa fupi, ya watoto, aliyoichora kwa mkono na rangi za maji: msichana anajifunga mabawa ya majani ya mgomba, anakimbia kilimani, anaanguka, anainuka, na mwisho anaruka juu ya ziwa kuelekea kisiwa cha Idjwi. Hakuna maneno ndani yake, ila sauti ya shangazi wa Adélaïde akiimba taratibu kwa Kimashi.

Watoto wengi waliokaa mbele walikuwa na vumbi la mawe kwenye nyusi. Mmoja wao alikuwa Charlène, ambaye kila siku aliponda mawe ya dhahabu machimboni pamoja na mama yake, Madeleine. Msichana wa filamu alipoanguka, Charlène aliinuka kwenye benchi, akapangusa mikono kwenye sketi, akaenda kumwinua. Alimshika mkono, akavuta. Yule wa kuchorwa akatoka, akasimama peku kwenye sakafu ya kanisa, na Charlène akabaki upande wa pili, ndani ya shuka. Akajifunga yale mabawa, akakimbia, akaruka. Watoto wakapiga makofi.

Filamu ilipokwisha, Madeleine alikuja mbele.

"Irudishe," alimwambia Adélaïde.

Adélaïde akairudisha mwanzo. Charlène akatokea kilimani, nywele safi.

"Charlène, shuka, mama. Tunaenda nyumbani."

Charlène akasimama. "Maman, nikishuka, kesho nitaponda tena mawe?"

Madeleine alikuwa amezoea kumwambia mtoto wake kweli. Alitazama shuka, akatazama mikono yake, na kabla hajainua macho Charlène alikuwa ameshaanza kukimbia.

Yule wa kuchorwa hakuwa na pa kulala, basi Madeleine akamchukua, akampa jina la Nyota. Asubuhi alifuatana naye machimboni. Polycarpe, aliyesimamia kazi pale, aliwatazama wote wawili.

"Yule mwingine iko wapi?"

"Aliingia mu filme."

"Na huyu, iko na mikono?"

"Iko nayo."

"Basi, aanze."

Nyota alijifunza upesi. Mvua ikinyesha, wanawake walimfunika kwa turubai la plastiki, maana maji yalimtoa rangi mabegani. Vumbi lilimkaa kama linavyowakaa watoto wengine, na baada ya muda hakuna aliyeweza kumtofautisha na wenzake kwa mbali.

Filamu ilizunguka. Ilionyeshwa Bagira, ikaonyeshwa Nyantende, kisha katika ukumbi mkubwa wa Bukavu, mbele ya wageni waliovaa suti. Mmoja wao alimsifu Adélaïde: alisema hajawahi kuona mchoro ukikimbia kwa furaha namna hiyo. Alimuuliza alimpata wapi msichana yule.

"Luhwindja, machimboni," alijibu Adélaïde. "Alikuwa anaponda mawe."

Mgeni akasema ni vizuri sana, akaenda kutafuta fanta.

Madeleine naye alikuwapo ukumbini, na Nyota pembeni yake. Alikuwa akija kila aliposikia filamu inaonyeshwa mahali anapoweza kufika. Hakuita tena. Alimtazama tu mtoto wake akipita, akainamisha kichwa pale wimbo unapokwisha.

Siku hiyo Adélaïde alichuchumaa mbele ya Nyota.

"Unataka kurudi? Naweza kukuchorea njia."

Nyota alifikiri. "Kule hakukuwa na mama," alisema.

Ilikuwa kweli. Adélaïde alipokuwa akichora, aliona akimchora na mama filamu itakuwa ndefu mno, akamwacha msichana peke yake kilimani.

Madeleine aliwasikiliza, kisha akasema, "Unichore na miye mule ndani."

"Nikuchore uko unafanya nini, maman?"

"Nisifanye kitu. Niko nimeikala tu."

Adélaïde alirudi Kasha, akafunga mlango wa chumba chake, akamchora Madeleine ameketi kwenye nyasi kando ya ziwa, kitenge kimetandazwa, mikono imelala mapajani. Mikono ndiyo iliyompa shida. Hakuwahi kuiona imetulia.

Filamu ilipoonyeshwa tena Luhwindja, Charlène alifika juu ya ukingo wa ziwa, akapunguza mwendo. Alizunguka pale juu, chini kidogo, chini kidogo tena, hata kivuli cha mabawa kikampita mama wa kuchorwa usoni. Madeleine aliyekuwa kwenye benchi alifunga macho, akahisi upepo.

Kesho yake, Jumatatu, Polycarpe alifungua machimbo mapema. Madeleine na Nyota walikuwa wameshafika, kila mmoja na nyundo yake.