Vidonge vya Nusu kwa Nusu

Marehemu mume wao alikuwa na wazimu wa haki. Watu wengine hupagawa na mpira, wengine na siasa; yeye alipagawa na mizani. Akileta mche wa sabuni, aliukata katikati kwa uzi, kisha akazipima zile nusu mkononi, kulia na kushoto, macho ameyafumba. Na siku aliyorudi nyumbani na mwavuli mmoja mzuri, inasemekana aliupasua kwa msumeno, akampa kila mke nusu yake, na mvua iliponyesha wakalowana sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake hata tone. Mwenye kubisha akawaulize majirani zao. Watamwongezea mengine.

Daktari alizisikia hadithi hizi kutoka kwa Bi Mdogo, yule mke wa pili, siku ya kwanza wajane hao wawili walipoingia chumbani kwake. Bi Mkubwa alikuwa mnene, mzito wa maneno, anayekaa kwenye kiti kama amekuja kukinunua. Bi Mdogo alikuwa mwembamba, mdomo haupumziki. Mume aliwaachia nyumba moja, jiko moja, na kila mmoja alikuwa na kisukari chake.

"Hiki peke yake ndicho hakutugawia," alisema Bi Mdogo. "Tulijipatia wenyewe."

Daktari alicheka. Alikuwa daktari wa sukari na homoni, lakini kazi yake haikuwa kutibu tu. Alijaribu dawa mpya kabla hazijaruhusiwa kuuzwa. Chumba chake kilikuwa na meza, mizani, mashine ya kuzungusha damu iliyolia kama nyigu ndani ya chupa, na friji ambayo kipimajoto chake kilisomwa asubuhi na jioni kana kwamba nayo ni mgonjwa. Nje palikuwa na benchi refu la mbao, na wote waliolikalia walikuwa watu wake wa utafiti. Walimwita Bi Sukari, wakidhani hajui.

Akawaeleza wajane taratibu, kama alivyotakiwa. Nusu ya washiriki watapewa kidonge kipya, kinachoiamsha kongosho itoe insulini. Nusu watapewa cha bandia: rangi ile ile, ukubwa ule ule, ndani hamna kitu. Nani anameza kipi, mgonjwa hajui.

"Na mimi sijui," alisema. "Anayejua ni mfamasia wa utafiti, naye anakaa ofisi nyingine, mdomo ameushona."

Bi Mkubwa alilitafuna jambo hilo kwa muda. "Kwa hiyo mimi naweza kupewa cha kweli, na huyu akapewa cha uongo?"

"Inawezekana, mama."

"Au huyu akapata cha kweli, mimi nikala chaki?"

"Nayo inawezekana."

Wajane wakatazamana. Daktari akaona wameelewa, na moyo wake ukatulia, maana wengi hutia sahihi huku wanaangalia saa. Akawasomea na sharti la mwisho: dawa ya mtu haipewi mtu mwingine, na atakayempa mwenzake anatolewa kwenye utafiti. Wakatikisa vichwa, wakasaini, wakaondoka kila mmoja na boksi lake kwapani. Walikuwa wameelewa kweli. Walielewa kupita kiasi.

Miezi ikaenda. Kila wajane walipokuja, sukari zao zilikuwa zimeshuka kidogo, zote mbili, kama watu wanaoteremka ngazi wameshikana mikono. Lakini hazikushuka za kutosha. Utaratibu ulisema sukari ikiwa bado juu, dozi ipandishwe, na daktari akapandisha, ya huyu na ya huyu. Kulikuwa na kitu kilichomkera kidogo katika zile namba zilizofanana, kama kokoto ndani ya kiatu. Akajiambia wanakula chungu kimoja, wanalala saa moja, kwa nini damu zao zisifanane? Akaendelea kutembea na kokoto yake.

Isitoshe aliwapenda. Bi Mdogo akikaa kwenye lile benchi, linageuka baraza.

"Fundi, leo umepungua," alimwambia fundi viatu, mzee mwenye kisukari cha siku nyingi. "Mkanda umefika tundu la mwisho."

"Na wewe je? Umebaki mdomo tu."

"Mdomo wangu hauna sukari, ndiyo maana haupungui."

Benchi zima likacheka, na daktari mle ndani akacheka nalo huku akiandika. Hakuna aliyekosa siku yake ya kuja. Madaktari wenzake walimwonea wivu. Wao washiriki wao walitoroka kama kuku walioachiwa mlango, wa kwake walifika kabla ya mfagiaji.

Kisha Bi Mdogo akashikwa na tumbo.

Alitapika, akaharisha, hakuweza kula hata uji. Lakini alikuwa amemwahidi daktari kwamba hataruka dozi, na ahadi aliishika kuliko alivyoshika chakula. Asubuhi alijidunga insulini yake ya kila siku, ile ambayo nguvu yake ni ya saa chache, akameza na vidonge vya utafiti. Kabla ya adhuhuri Bi Mkubwa alimleta kwenye gari la jirani, amelowa jasho chapachapa, anamwita marehemu mume wake aje kumfungulia dirisha.

Daktari alimtoboa kidole. Kile kimashine hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari iko chini mno. Akamtafuta mshipa, akaukosa, akautafuta tena, akamsukumia maji ya sukari. Bi Mdogo akafumbua macho polepole.

"Nani kanimwagia maji?"

"Jasho lako mwenyewe, mke mwenzangu."

"Afadhali. Nilidhani niko chini ya nusu yangu ya mwavuli."

Bi Mkubwa akacheka na kulia kwa pamoja. Daktari hakucheka. Kichwani mwake kulikuwa na swali moja tu, na maisha ya mgonjwa yalining'inia kwenye jibu lake. Kama alimeza kidonge cha kweli, basi dawa ile bado imo mwilini. Kwa mtu aliyekauka maji, ambaye figo zake zimechoka kwa kisukari cha miaka mingi, itakaa, na sukari itaanguka tena na tena. Lazima alale hapa na dripu, apimwe usiku kucha. Kama alimeza cha bandia, basi ni ile sindano ya asubuhi juu ya tumbo tupu, na nguvu ya sindano hiyo inakwisha kabla ya jioni. Akinywa chai na kula, ataenda nyumbani.

"Mama, nitajie kila dawa uliyotumia leo."

"Sindano yangu, na vidonge vyenu."

"Vya boksi lako?"

"Sasa vya boksi la nani, mwanangu? La rais?"

Bi Mkubwa akafungua mdomo. Bi Mdogo, aliyekuwa hana nguvu hata ya kushika kikombe, akamkamata mkono akaubana. Daktari aliuona mkono ule. Akadhani ni woga wa mgonjwa, akaugeuzia mgongo, akapiga simu.

Kwa dharura kama hii, siri inaruhusiwa kufunguliwa. Mfamasia alitafuta jina, akakohoa, akasema.

"Bandia?" daktari akarudia kwa sauti. "Una uhakika?"

"Chaki tupu, daktari. Ninaye hapa mbele yangu."

Mabega ya daktari yakashuka. Nyuma yake Bi Mkubwa alivuta kiti, akaketi.

Alasiri Bi Mdogo alikuwa anakunywa chai na kumtania muuguzi kwamba sindano zake zinauma kuliko mawifi. Alipimwa, sukari ikawa nzuri. Akapimwa tena, ikawa nzuri. Dripu ikatolewa.

"Asilale hapa?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Hakuna haja, mama. Ilikuwa sindano na njaa. Mpe uji, na kesho asubuhi mje nimwone."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Bi Mkubwa alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu ndani. Kisha akamshika mwenzake kiuno, wakaenda.

Asubuhi mfagiaji alikuwa bado anapiga deki daktari alipofika, na Bi Mkubwa alikuwa ameshakaa kwenye benchi, peke yake, maboksi mawili mapajani.

"Mama, mbona mapema? Mgonjwa wetu yuko wapi?"

"Hakuamka."

Daktari alikaa. Hakuchagua kukaa, benchi lilikuwa pale tu.

"Alitoka jasho usiku," alisema Bi Mkubwa. "Nikadhani ni ile homa ya tumbo inamtoka. Nikamfuta, nikasema, jasho ni dalili njema. Akalala. Nikafurahi amelala."

"Mama, sielewi. Alikuwa anameza..."

"Alikuwa anameza nusu yangu." Akayaweka maboksi kati yao. "Siku ile ya kwanza, tulipofika nyumbani, tulisema hii dawa haitatufitini. Mmoja apone, mwingine ale chaki? Mume wetu angefufuka. Tukawa tunavikata kwa wembe. Nusu ya changu anakula yeye, nusu ya chake nakula mimi."

Daktari alitazama lile boksi la Bi Mkubwa kana kwamba limemng'ata. Zile namba zilizoteremka zimeshikana mikono! Na yeye alikuwa akipandisha dozi, na kila alipompandishia Bi Mkubwa, nusu ilikwenda kwenye damu ya mtu mwingine.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Nilitaka. Akanibana mkono. Tukisema, tunatolewa wote wawili, na yeye figo zake nani angeziangalia? Halafu wewe ukasema kwa simu, bandia." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nikajua changu ndicho cha kweli. Nilifurahi, mwanangu. Nikasema, kumbe nusu yangu ndiyo iliyokuwa inamweka hai. Nikakuuliza kama una hakika. Nikakuuliza vizuri."

"Uliniuliza," alisema daktari.

Mfagiaji alipita na ndoo yake, akawasalimia, akaenda zake.

Hapo ndipo lilipomjia daktari wazo moja baya, nalo lilikuja kwa adabu, limevaa vizuri. Kwa karatasi, aliyekufa alikuwa kwenye bandia. Kifo cha aliyemeza bandia hakiigusi dawa. Akiandika hivyo, utafiti unaendelea safi, na anayejua vinginevyo ni bibi mmoja tu mwenye msiba. Alilitazama wazo lile kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

"Hawa wengine utawaambia nini?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Wengine gani?"

"Hawa wa benchi. Unadhani ni sisi tu? Mke mwenzangu aliwahubiria wote. Alisema Bi Sukari ni mtoto mzuri, lakini hesabu zake hazina haki. Fundi viatu anagawana na yule mama muuza vitambaa. Wengine sijui nani na nani. Wako wanaochanganya kwenye kopo moja, kila mtu anachota."

Daktari alisimama. Wazo lile lenye adabu lilibaki pale pale benchini, hakulichukua tena.

Walianza kufika mmoja mmoja, wakisalimiana, wakiulizana habari za Bi Mdogo. Benchi lilipojaa akasimama mbele yao. Hakuwa na maneno ya kulainisha.

"Bi Mdogo amefariki. Aliuawa na kidonge kisichokuwa chake, na mimi nilimruhusu arudi nyumbani kwa sababu sikujua. Nataka kujua sasa hivi nani anagawana na nani."

Wengine walishika midomo, wengine walitazama viatu vyao. Mikoba ilisogezwa karibu na miguu.

"Tukisema, tunatolewa?" aliuliza fundi viatu, macho yamejaa maji.

"Hakuna atakayetolewa."

Alijua hiyo si ahadi yake kuitoa. Akaitoa.

"Mimi sikati," alisema fundi. "Wembe naogopa. Tunabadilishana tu, wiki hii boksi langu, wiki ijayo la mama huyu." Akamgusa muuza vitambaa aliyeketi kando yake, mwisho wa benchi. "Sema, mama. Mama?"

Muuza vitambaa alitabasamu bila kumtazama mtu. Ushungi wake ulikuwa umelowa kwenye paji la uso. "Sijala tangu jana," alisema polepole. "Hamu sina. Lakini dawa nimemeza, msinigombeze."

Daktari alikuwa ameshapiga simu, ameibana kwa bega, huku anafungua kopo la vipimo.

"Unataka nifungue siri ya nani?" aliuliza mfamasia.

"Usinifungulie mtu. Andika kwamba wote wamemeza cha kweli."

"Daktari, nusu yao ni bandia. Ninao hapa mbele yangu."

"Hata wa jana ulikuwa naye hapo mbele yako."

Simu iliteleza begani ikaanguka sakafuni, ikaendelea kuita "Daktari? Daktari?" kule chini. Daktari alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu mbichi, ameushika mkono wa muuza vitambaa. Mkono ulikuwa baridi, unatetemeka kidogo.

"Muuguzi! Dripu ya sukari, na vitanda vyote!" Akatoboa kidole, akakikamua. "Mama, nitajie jina lako. Nitajie tu jina lako."

Bi Mkubwa alimwinua yule mama kwa upande mmoja, fundi viatu kwa upande wa pili, wakamwingiza ndani.