Sindano Nyuma ya King'amuzi

Kuna wanaume wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa wakwe, na kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyeogopa alama ya vema. Alama yenyewe ndogo, ya kijani, imekaa kwenye kioo cha televisheni pembeni ya maneno "Sehemu ya Mwisho". Fundi aliitazama, nayo kama inamtazama. Jasho likamtoka asubuhi ile, na feni inazunguka.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, msije mkadhani fundi alikuwa na wazimu.

Mke wa fundi alikuwa mkunga katika hospitali kubwa, na watoto, kama mjuavyo, hawazaliwi kwa ratiba. Leo yuko zamu ya mchana, kesho ya usiku, keshokutwa anapigiwa simu anaacha kijiko kwenye sahani. Watoto wao wenyewe walishakua wakaenda kujitegemea, nyumba imebaki ya watu wawili wanaopishana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana lindo. Kitu kimoja tu walikuwa wakikipenda wote wawili, tamthilia ya Rubani, na hicho nacho kilikuwa kikimpita mkunga kila mara. Ndipo wakanunua king'amuzi kile kinachorekodi. Ukishakiagiza, kinarekodi chenyewe hata nyumba ikiwa tupu, kinakuwekea mpaka urudi. Mkunga akifika anavua viatu, anaweka miguu juu ya kigoda, fundi anaacha cherehani, wanatazama pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yao, na hawakuwa na nyingine.

Kwa hiyo mkunga aliweka sharti siku ileile boksi lilipotolewa kwenye karatasi.

"Baba watoto, hapa hakuna kutazama peke yako. Ukinitangulia, mimi nitakuwa nimekaa na nani? Na mtu anayenisubiri nimfikie?"

"Ah, mama watoto! Kwani mimi mtoto mdogo?"

Swali zuri, na jibu lake ni ndiyo.

Hebu fikirieni. Mtu anashonea sebuleni, cherehani huku, king'amuzi pale mbele ya macho, kutwa nzima kinamkodolea kitaa chake chekundu. Mwanzoni alivumilia. Baadaye akajiambia atazame dakika moja tu, ahakikishe picha imetoka vizuri, maana vitu vya siku hizi huwezi kuviamini. Dakika ikazaa dakika. Basi ikawa ndiyo tabia: sehemu ikirekodiwa leo, kesho asubuhi fundi keshaimaliza, suruali za watu zinalala bila pindo, na jioni anakaa karibu na mkewe anajifanya hajui kitu.

Na kujifanya kwenyewe hakujui, jamani! Alikuwa anashtuka kabla cha kushtusha hakijatokea. Siku moja mlango wa kwenye tamthilia ulikuwa haujabishwa hata hodi, fundi akaruka kwenye kochi, "Usifungue!"

Mkunga akageuza shingo polepole. "Umejuaje kuna mtu nje?"

"Hisia tu. Mimi fundi bwana, naiona nguo kabla haijashonwa."

Mkunga akaguna. Mguno ule ulimkosesha fundi raha hadi wiki ikaisha.

Sasa hiyo tamthilia yenyewe. Rubani hakuwa rubani. Kila Jumatatu alivaa kofia na shati lenye mistari ya dhahabu mabegani, akamuaga mkewe kwamba anarusha ndege kwenda ng'ambo, kumbe anakwenda uwanjani kuosha madirisha ya hizo ndege. Mama mkwe wake, mwanamke mwenye domo kama tarumbeta, ndiye aliyemfuma na ndoo. Sehemu ya mwisho ndiyo ilikuwa ijibu swali lililowakosesha watu usingizi: mke atamsamehe mwongo huyu au atamwacha? Mkunga alikuwa na msimamo wake. "Amsamehe," alisema kila mara. "Ila kwanza amtese kidogo."

Sehemu hiyo ikarushwa mkunga akiwa zamu. Asubuhi akapiga simu kusema anaunganisha mpaka jioni, mwenzake anaumwa, lakini akirudi ana mapumziko. "Kochi langu lisirundikwe vitambaa," akaonya. Fundi akasema sawa, akakata simu, akawasha televisheni.

Alitazama mpaka mwisho. Mke wa Rubani alifunga sanduku lake, akapanda basi, hakugeuka hata mara moja. Fundi alilia, akapenga kamasi kwa kipande cha bitana. Alipotaka kuzima ndipo akaiona. King'amuzi kilikuwa kimejiongezea maarifa bila kuulizwa na mtu, na kuanzia siku hiyo kila kilichotazamwa kilikuwa kinapigwa vema. Kimbelembele gani hiki!

Akairudisha sehemu nyuma mpaka mwanzo kabisa, kwamba labda kitadhani haijaguswa. Vema ipo. Akazima, akawasha. Ipo. Akabandika kipande cha kitambaa cheusi juu ya kioo, mahali palepale. Akabonyeza rimoti kujaribu, orodha ikasogea, vema ikachungulia kwa chini.

Akakigeuza king'amuzi mgongo. Huko nyuma, katikati ya matundu ya nyaya, kulikuwa na katundu kadogo sana. Mtu mwingine angekaacha. Lakini mshonaji akiona katundu ka namna hiyo mkono unatafuta sindano wenyewe. Maisha yake yote cherehani ikigoma dawa ni kuzibua. Akaichomoa sindano kwenye kola ya shati, akaipenyeza, akasikia kitu kinalia tik, naye akakandamiza kwa nguvu, kama anavyofanya kwenye tundu la mafuta. Kioo kikawa giza. Kisha kikapiga muziki mtamu na kuandika: "Karibu! Hongera kwa kununua king'amuzi chako kipya. Tafadhali chagua lugha."

Orodha tupu. Hakuna vema, hakuna sehemu ya mwisho, hakuna hata ya kwanza.

Akampigia aliyewauzia.

"Umechoma sindano wapi, mzee?"

"Nyuma. Kwenye katundu."

"Ala! Hako ni ka kukifanya kiwe kama kimetoka kiwandani. Kila kitu kimekwenda."

"Kimekwenda wapi? Kirudishe."

"Mzee, hakuna kurudisha. Pole sana."

"Pole yako itanisaidia nini mimi, akirudi mwenyewe?" Simu ikakatika.

Fundi akaketi chini. Aliogopa, tena sana. Si kwamba angepigwa au angefukuzwa. Mkewe hakuwa mtu wa makelele. Aliogopa kwamba mkunga angeingia, angesikia habari, angesema "haya" moja fupi, na kwenda kulala. Na jioni nyingine angekwenda kulala tena. Kochi lingebaki la mtu mmoja. Akatunga uongo kuhusu umeme, akauona hauna miguu. Akatunga wa mwizi, lakini mwizi gani anaiba tamthilia anaacha king'amuzi?

Halafu akalitazama sanamu lake la kuvalishia nguo, lile lisilo na kichwa, limesimama pembeni na gauni la mteja lililokwisha upande mmoja. Akalitazama mpaka akapata akili, au akapoteza ile iliyobaki.

Siku hiyo hakuna suruali iliyopata pindo. Mteja wa koti alipokuja aliambiwa kesho, kisha mlango ukafungwa puani kwake, maana koti lenyewe lilikuwa tayari limetundikwa kwenye henga kuwa mama mkwe, na kitambaa chekundu kimewekwa juu kiwe domo. Kofia ya Rubani ilitoka kwenye kadibodi na bitana nyeusi. Mistari ya dhahabu ilitoka kwenye utepe wa nguo ya watu.

Mkunga akaingia jioni, macho mekundu ya uchovu, akakuta mumewe amesimama katikati ya sebule na kofia kichwani.

"Usiseme kitu kwanza," fundi akaanza, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Nimefuta. Zote. Nimechoma sindano nyuma. Na nimechoma kwa sababu nilikuwa naficha, na nilikuwa naficha kwa sababu ninatangulia. Siku zote ninatangulia. Ila mwisho ninaujua, nitakuonyesha. Kaa tu, mama watoto, nakuomba."

Mkunga alisimama pale na mkoba begani muda mrefu. Fundi akangoja ile "haya". Badala yake mkunga akavua viatu, akakaa, akaweka miguu juu ya kigoda.

"Anza."

Jamani, alianza! Alikuwa Rubani anayelia, akaruka nyuma ya koti akawa mama mkwe anayefoka, akajipenyeza nyuma ya sanamu akawa mke kwa sauti nyembamba iliyokatikakatika. Alikuwa ndege. Alikuwa ndoo. Alipopiga magoti kuomba radhi kofia ilimfunika macho, akawa anaomba radhi mguu wa meza. Mkunga alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na fundi hakujua kama anacheka au vipi.

Likafika sanduku. Fundi aliliweka miguuni pa sanamu, akalikamata sanamu kiunoni alisogeze kuelekea mlangoni, kama ilivyotokea. Akamwona mkewe pale kwenye kochi, na ile miguu yake iliyovimba. Mikono ikakataa.

"Nimekusamehe," akasema haraka kwa ile sauti nyembamba. "Ila kesho nipeleke kazini kwako nikuone ukiosha. Mwisho."

Mkunga akaondoa mkono mdomoni.

"Ndivyo ilivyoisha?" mkunga akauliza.

"Ndivyo."

"Mwongo wewe. Alipanda basi. Hata hakugeuka."

Kofia ikaanguka. "Nani kakuambia?"

"Sikuambiwa." Mkunga akatazama kucha zake. "Wodini kuna televisheni. Mama mmoja uchungu ulikuwa umemtulia kidogo, akaniambia dada, kaa hapa, inaanza. Nikakaa. Nililia mpaka daktari akaniuliza kama nimefiwa. Na leo njia nzima nimekuwa nikijizoeza kushtuka."

"Kumbe hata wewe!"

"Mimi mara moja tu! Wewe umeanza lini?"

Fundi akaikuna shingo. "Tangu tukinunue."

"Shetani mkubwa!" mkunga akapiga kelele, na hapo kicheko kikamtoka, kile cha machozi, akajikunja kwenye kochi akishika mbavu. Fundi hakuthubutu kucheka. Alisimama tu amelishika sanamu kiuno, bado hajui amepona au vipi.

Mkunga akajifuta macho kwa upindo wa gauni. Akainuka, akaenda peku mpaka katikati ya sebule, akalibeba sanamu la watu na gauni lake la upande mmoja, akaliweka kando. Akasimama yeye mahali pake, sanduku miguuni.

"Rudia pale anaposamehe," akasema. "Na usikimbize. Huyu wako hana hata kichwa, atasamehe vipi?"

Fundi akaiokota kofia, akapiga magoti.